Kusoma tena ao kuulizwa?

Watoto wanaimba katekisimu kwa sauti moja. Nyuma ya juma moja wengi wamesahau. Sababu gani? Sikio limezoea maneno, na akili inadhani inayajua.

Mwaka 2006, kule Marekani, wataalamu Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi. Wengine waliisoma mara mbili. Wengine mara moja, kisha wakaandika bila kitabu yote waliyokumbuka. Nyuma ya dakika 5, waliosoma mara mbili walishinda. Lakini nyuma ya juma moja walikumbuka sehemu 42 tu katika 100, wenzao 56.

Basi, ndugu katekista, funga kitabu. Uliza, ngojea kidogo ili wote watafute jibu, ndipo utaje mtoto mmoja. Akikosa, msahihishe kwa upole. Kesho yake uliza tena.