Njia ya mguu nayo ni barabara, wadau!

Wadau wa Sumbawanga, tukisikia barabara tunawaza lami ya Tunduma tu. Lakini gunia la mahindi linaanza safari shambani, kichwani mwa mama au kwenye baiskeli. Anayepanda Lyamba lya Mfipa kwa mguu anajua: mvua ikikata njia, mzigo haufiki sokoni na mgonjwa anachelewa zahanati.

Kule Makete, Njombe, utafiti wa miaka ya 1980 ulionyesha safari nyingi za kijijini ni za miguu: maji, kuni, shamba. Akina mama ndio wanabeba zaidi. Basi njia na vidaraja vikatengenezwa, wanakijiji wakishika jembe wenyewe.

Hapo greda la nini? Mawe, jembe na mfereji wa kutolea maji vinatosha. Kwenu vipi, wadau?