Howard Hawks: mwongozaji aliyemfuata faru Tanganyika

Kijana wa Kipawa anayerekodi filamu kwa simu, huku ndege zikimpitia juu ya bati kwenda kutua uwanja wa Julius Nyerere, akitaka mwongozaji wa zamani wa kujifunza kwake, mimi nitamtajia Howard Hawks. Huyu alikuja kufanya kazi kwetu.

Alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Goshen, Indiana, Marekani, akasomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Cornell. Alianza kuongoza enzi za filamu bubu. Baadaye akatoa Scarface (1932) ya majambazi, His Girl Friday (1940) ya kuchekesha, The Big Sleep (1946) ya upelelezi, kisha Red River (1948) na Rio Bravo (1959) za wachunga ng'ombe. Aina zilibadilika, watu wake hawakubadilika: kikundi kinachoijua kazi yake, na mtu hupimwa kwa kazi hiyo.

Mwishoni mwa 1960 akaja Tanganyika na John Wayne kutengeneza Hatari!, filamu ya wakamata wanyama wa kupelekwa kwenye bustani za wanyama. Mswada wa Leigh Brackett haukuwa umekamilika. Hawks alitaka kwanza apate picha za ukamataji, hadithi ije nyuma yake, maana huwezi kumwandikia faru la kufanya. Tazama mwanzo wa filamu. Gari linakimbizana na faru nyikani, vumbi limetanda, na mbele ya gari kimefungwa kiti; aliyekikalia ameshika mti mrefu wenye kitanzi. Faru anageuka na kulishambulia gari, na mhusika wa Bruce Cabot anachomwa pembe mguuni. Katika misako ile waigizaji walipanda magari wenyewe, wakielekezwa na Willy de Beer, mkamata wanyama hasa.

Kamera yake haikuwa na mbwembwe. Aliiweka usawa wa macho ya mtu, akaacha tukio lijieleze. Kwenye mazungumzo alikuwa fundi zaidi: mwanzo na mwisho wa sentensi aliweka maneno yasiyo na uzito, ili waigizaji wadakiane bila mtazamaji kupitwa na maana. Filamu zetu nyingi mmoja anasema, anamaliza, wanatazamana, ndipo mwenzake anajibu. Uswahilini hatuongei hivyo, na mtazamaji wa kibanda umiza anaijua tofauti hiyo.

Hata hivyo, Hatari! inaniuma. Wenyeji hawana hadithi yao. Wanawake wa Kiarusha wanamfanyia mhusika wa Elsa Martinelli sherehe, anapewa jina la Mama Tembo, basi. Filamu ilitoka mwaka 1962, Tanganyika imeshapata uhuru tangu tarehe 9 Desemba 1961, na ndani yake hakuna Mtanganyika hata mmoja anayekata shauri lolote lenye uzito. Mwigizaji wake Mjerumani, Hardy Krüger, ndiye aliyeipenda nchi hadi akanunua shamba Momella.

Hollywood ilichelewa kumheshimu Hawks. Wahakiki wa Ufaransa waliitangulia. Aliteuliwa kuwania Oscar ya uongozaji mara moja tu, kwa Sergeant York, akapewa tuzo ya heshima mwaka 1975, miaka miwili kabla ya kufa.

Itafuteni Hatari! muitazame mara mbili: kwanza muifuate kamera, kisha muwatazame wale wasiopewa neno. Hao ndio muwape filamu zenu.