Ulinzi wake, uchafu wetu

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nawaomba radhi mapema. Jambo ninalotaka kulizungumza si la kuzungumzwa watu wakiwa mezani, na najua wengi wenu hunisikiliza sahani ikiwa mbele yenu. Ambaye hajamaliza kula na amalize kwanza. Nataka kuzungumzia kinyesi cha mbwa.

Pita alfajiri katika vichochoro vya Tandika, Yombo au Mbagala kule Temeke, au vuka jiji uende Tegeta, Boko na Bunju upande wa Kinondoni. Utakikuta mbele ya mageti, ubavuni mwa genge la nyanya, na hasa kwenye vile viwanja vya mchanga ambako jioni watoto hucheza chandimu bila viatu. Mtu hukikanyaga, hulaani, hufuta kiatu kwenye majani, kisha huenda zake akiwahi daladala. Kwa Mwislamu anayekwenda msikitini kusali alfajiri jambo ni zito zaidi, kwa sababu kwa wafuasi wa Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, najisi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee wa watu ametawadha nyumbani kwake vizuri, anafika mlangoni mwa msikiti inambidi arudi.

Tujiulize kwanza: huyu ni mbwa wa nani? Jibu letu la haraka ni kwamba ni mbwa koko. Jibu hilo linatufaa sana, maana mbwa koko hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe hakuna wa kumshitakia. Lakini hebu amka mapema siku moja uangalie. Saa kumi na mbili asubuhi geti linafunguliwa. Mbwa wawili watatu waliokesha wakilinda nyumba wanatoka mbio, wanazunguka mtaani nusu saa, wanajisaidia, wanarudi, wanafungiwa bandani. Ukiwaona katika ile nusu saa utasema ni koko. Ukweli ni kwamba wanakula ugali na vichwa vya dagaa katika nyumba unayoijua, na wanaitikia wakiitwa kwa majina.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja anayechoma chapati jirani na geti la namna hiyo. Siku moja uvumilivu ulimwishia, akamwita kijana wa getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi hawa mbwa huko ndani hawana pa kujisaidia?"

"Bosi hataki uwanja uchafuke, mama."

"Basi mwambie bosi wako, na hapa nje ni uwanja wa watu."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya tatizo hili. Silaumu mtu kufuga mbwa. Wezi wapo, na mlinzi wa usiku anadai mshahara kila mwisho wa mwezi, wakati mbwa hadai. Lakini faida ya mbwa inabaki ndani ya ukuta, na gharama yake inatupwa nje ya ukuta. Mbwa wa kiasi hutoa kadiri ya robo kilo ya kinyesi kwa siku. Wakiwa watatu, kwa mwezi inazidi kilo ishirini. Nani kati yetu angenyamaza kama jirani angemwaga kilo ishirini za uchafu wa jikoni mlangoni pake?

Sasa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu wengi tunaogopa kisichostahili kuogopwa zaidi. Kinyesi kibichi kinaudhi, kinanuka, na nzi wakitoka hapo hutua kwenye maandazi. Lakini kwa upande wa minyoo, kilicho hatari zaidi ni kile cha mwezi uliopita, ambacho jua limekikausha, mvua imekisambaza, na hakuna anayekiona tena.

Tumboni mwa mbwa, na hasa mtoto wa mbwa, huishi mnyoo ambao wataalamu huuita toksokara. Mnyoo jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya laki moja kwa siku. Yai likitoka leo haliwezi kumdhuru mtu leo. Lazima likae kwenye udongo wiki mbili, tatu au zaidi, mpaka kijinyoo kikomae ndani yake. Baada ya hapo linaweza kukaa hapo miezi mingi, hata miaka, likisubiri. Mtoto anachezea mchanga, anatia kidole mdomoni. Yai linaanguliwa tumboni, kijinyoo kinatoboa utumbo na kusafiri na damu hadi kwenye ini, mapafu, na mara nyingine jicho. Kwa kuwa mwili wa binadamu si makazi yake, hakikui kuwa mnyoo kamili, kinatangatanga tu. Kikifika jichoni kinaweza kumpofusha mtoto jicho hilo. La kusikitisha zaidi ni kwamba ukipeleka choo cha mtoto huyo kupimwa, mayai hayataonekana, kwa sababu mnyoo haukukomaa ukataga. Mama anarudi nyumbani ameambiwa mwanawe hana minyoo.

Kuna wa pili, jamaa wa safura. Huyu hahitaji hata mdomo. Mayai yake huanguliwa kwenye mchanga wenye joto na unyevu, na katika muda wa wiki moja hivi kijinyoo kiko tayari kupenya ngozi ya unyayo, au ya makalio ya mtoto aliyekaa chini. Kikishaingia hakiwezi kwenda ndani zaidi, basi hutambaa chini ya ngozi na kuchora mstari mwekundu uliopindapinda, ambao kesho utauona umesogea mbele. Usiku mtoto hajikuni akalala. Wanaopenda kujilaza kwenye mchanga wa ufukweni nao waujue mstari huo.

Kwa hiyo kinyesi kikiondolewa siku ileile, mayai yameondoka nacho kabla hayajawa na madhara. Kikiachwa mpaka kikauke, halafu mtu akakifagia kwa ufagio wa chelewa huku vumbi likiruka, huyo hasafishi, anapanda mbegu.

Zipo sauti zinazosema dawa ni risasi. Mbwa wapigwe, mambo yaishe. Miji mingi imejaribu, na kila mara mbwa wamerudi, maana majalala yasiyozolewa yanabaki palepale, na penye chakula cha bure wengine huja. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba hata kichaa cha mbwa hakikomeshwi kwa kuua mbwa, bali kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote. Tuna mfano hapo ng'ambo tu. Kisiwani Pemba kichaa kilitokomezwa mwaka 2014 kwa chanjo. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, na kufikia 2018 kikawa kimetoweka. Isitoshe, tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na mnyama hawi na hatia kwa kujisaidia.

Wenzetu wa New York walikuwa na tatizo hili hili. Mwaka 1978 ilianza kutumika sheria ya kumtaka mwenye mbwa aokote kinyesi cha mbwa wake. Ukiangalia vizuri, iliyofanya kazi kubwa si polisi wala faini, ni macho ya majirani. Mtu aliyemwacha mbwa wake achafue njia akaondoka alianza kutazamwa vibaya, na hakuna apendaye kutazamwa vibaya mtaani kwake.

Wao huokota kwa mfuko wa plastiki. Sisi mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na nimemsikia bwana mmoja akiitoa hiyo kuwa sababu ya kutookota. Jamani! Babu zetu walikuwa na plastiki? Chepe moja na majivu ya jikoni vinatosha. Majivu hayaui mayai ya minyoo, lakini yanakata harufu na kufukuza nzi. Kitie kwenye choo cha shimo, au chimba shimo la futi mbili ndani ya uwanja wako, mbali na kisima. Usikipeleke kwenye tuta la mchicha kwa kudhani ni sawa na samadi ya ng'ombe. Ng'ombe anakula majani. Mbwa anakula nyama na uchafu, na minyoo yake inatupata.

Mbwa mwenyewe anafundishika. Mpeleke kwenye kona moja yenye mchanga kila anapoamka na kila anapomaliza kula, na katika wiki chache ataizoea. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili ya umri wao, kila baada ya wiki mbili, hadi waache kunyonya, na wakubwa kila miezi mitatu. Bwana mifugo wa kata anayajua haya.

Kuhusu sheria, halmashauri zetu hazikosi meno. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaziruhusu kutunga sheria ndogo, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa bwana afya uwezo wa kumfuata anayesababisha kero. Linalokwamisha ni lile swali la mwanzo, mbwa wa nani. Mimi ningeanza na mkanda wa shingoni. Kila mbwa mwenye kwao aandikishwe ofisi ya serikali ya mtaa, avae mkanda wenye namba ya nyumba, na siku hiyohiyo achanjwe kichaa. Atakayebaki bila mkanda ndiye koko wa kweli, na nadhani tutashangaa jinsi walivyo wachache. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuliweka hilo kwenye ajenda ya mkutano ujao bila kungoja mtu wa wizarani.

Kule kwetu, yule kijana wa getini sasa hutoka asubuhi na chepe. Bosi hakulinunua. Ni la yule mama wa chapati, na kila siku ifikapo saa moja hulirudisha likiwa limeoshwa.