Kuchagua au Kuteua? Utangamano wa Kikanda na Mamlaka ndani ya Vyama vya Siasa

Utangamano wa kikanda hugawa upya mamlaka ndani ya vyama vya siasa vya kitaifa. Katika Umoja wa Ulaya, viongozi wa vyama tawala hufikia makubaliano katika mabaraza ya wakuu na mawaziri, kisha hurejea nyumbani na maamuzi ambayo vikao vya chama ni vigumu kuyabadili. Hata hivyo, tangu 1979 wabunge wa Ulaya huchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Afrika Mashariki haina njia hiyo.

Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini 1999, inalitaka kila Bunge la taifa lichague wabunge tisa wasiotoka miongoni mwa wajumbe wake, wakiwakilisha kadiri iwezekanavyo vyama vilivyomo bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Kitenzi cha Mkataba ni kuchagua, lakini anayeandaa orodha ya majina ndiye mwenye turufu. Nchini Kenya, mwaka 2006, majina yaliyopendekezwa na vyama yalipitishwa na Kamati ya Shughuli za Bunge bila Bunge lenyewe kupiga kura. Katika shauri la Anyang' Nyong'o na wenzake, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua Machi 2007 kwamba huo haukuwa uchaguzi. Hivyo, kuteua hakuwezi kuitwa kuchagua.

Uamuzi huo ulilinda kura ya Bunge, ila haukugusa hatua inayoitangulia: nani ndani ya chama hupendekeza majina? Swali hili lina uzito Rusizi, Rwanda, nchi iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2007. Mchuuzi anayevuka mpaka wa Rusizi I kwenda Bukavu huguswa na maamuzi ya Jumuiya kuhusu forodha na biashara, hasa baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kujiunga 2022. Lakini Mkataba haumpi kura ya kumchagua mbunge wa Arusha. Sauti yake inaweza kupita hasa chamani. Mlango huo ukifungwa, hubaki msikilizaji.

Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa: katiba za vyama zitaje chombo kinachopendekeza wagombea, majina yazidi nafasi zilizopo, ili kura ya Bunge iwe na maana, na wabunge wa Jumuiya watoe taarifa katika wilaya za mpakani kwa Kinyarwanda na Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Bila hayo, utangamano utaendelea kuwaimarisha viongozi wa juu kwa gharama ya wanachama.