Kipupwe Kikiingia Amu

Wenzetu wa bara wakitaja baridi hukusudia ukungu wa Limuru na makoti mazito. Sisi watu wa Amu hukusudia kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti, kusi livumapo usiku na mchana na mawimbi yakipasuka mlangoni mwa Shela. Theluji hatuna, lakini mzee wa Kiamu aendaye msikitini alfajiri huvaa sweta juu ya kanzu, na maji ya udhu humfanya apige Bismillahi kwa sauti kuu kuliko siku zote.

Nakumbuka chuo nilichosomea Korani miaka ya sabini. Tuliketi mkekani juu ya sakafu ya chokaa, baridi ikitupanda magotini, nasi tukisoma kwa kelele ili tupate joto. Maalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alidhani ni bidii.

Tukitoka tulikimbilia pwani. Vyombo vilikuwa vimepandishwa, mafundi wakitia kalafati kwa pamba na mafuta, wakipaka sifa mbavuni na deheni ya chokaa na shahamu chini. Harufu ile kwangu mimi ndiyo kipupwe chenyewe. Jikoni kitoweo kilikuwa papa mkavu na ng'onda walioanikwa tangu kaskazi. Mabaharia, ambao miezi mingine hatuwaoni, walijaa barazani na kahawa chungu.

Tarehe ya mji wetu niliisikia kwenye baraza hizo kabla ya kuisoma kitabuni. Nilisikia vita vya Shela, kiasi cha 1812, watu wa Pate na Mombasa walipoteremka ufuoni kuja kuitwaa Amu. Walishindwa, na walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekwama mchangani. Wazee wakisema kuwa kusi likivuma sana hufukua mchanga wa Shela, mifupa ya siku ile ikaonekana. Baada ya vita, Amu iliomba himaya ya Sayyid Said wa Oman, na ngome yetu ikamalizwa kiasi cha 1821. Utotoni mwangu ngome hiyo ilikuwa jela, na ilikuwa jela hadi 1984. Tulipita mbele yake tumenyamaza. Leo ni makumbusho, na watoto huingia wakicheka.

Msemaji mkubwa wa baraza yetu alikuwa babu yangu, nahodha. Yeye alihesabu mwaka kwa Nairuzi: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano juu yake, jumla 365. Kila mwongo ukiisha alipiga alama ya mkaa ukutani. Hesabu hiyo haina siku ya nyongeza, kwa hiyo kila miaka minne hurudi nyuma siku moja; karne ya 19 Siku ya Mwaka iliangukia Agosti, na sasa huangukia Julai. Babu aliyajua hayo, ndiyo maana mwezi wa Juni aliamka kabla ya adhana kukitazama Kilimia kinavyotoka mashariki. Akisema "Bahari imefungwa," hapana chombo kilichotoka.

Mwaka jana, katikati ya Julai, mpwa wangu alikuja kuniaga. Ana mashua ya mashine.

"Mjomba, natoka usiku huu."

"Na kusi lote hili? Simu yako haikukwambia?"

"Imenambia. Lakini duka halinikopeshi tena, na watoto hawali utabiri."

Nilikosa jawabu. Alitoka, akarudi siku ya pili mashua imejaa maji na nyavu zimekwenda. Alhamdulillahi, yeye alirudi. Kuna mama katika mtaa wetu ambaye mwanawe hakurudi.

Tangu hapo nafahamu jambo ambalo sikulifahamu utotoni. Kufungwa kwa bahari hakukuwa elimu ya nyota peke yake. Nyuma ya neno la babu kulikuwa na ng'onda wa akiba, kazi ya kalafati iliyolipa, na mwenye duka aliyeandika deni akangoja demani, bahari itulie. Mji mzima uliubeba msimu. Siku hizi kila mtu anaubeba peke yake, na kijana asiye na mkopo hana kipupwe.

Nami nina kosa langu. Ule ukuta wa alama za mkaa niliupaka chokaa kwa mkono wangu mwenyewe, wiki moja kabla ya harusi ya binti yangu, ili nyumba ipendeze. Sikunakili hata alama moja.

Basi msomaji, kama kwenu yuko nahodha mzee aliyebaki, mwendee na daftari kipupwe hiki, naye yuko barazani hana safari. Muulize miongo, aandikwe maneno yake. Na ukiwa una duka, mkopeshe mvuvi hadi demani. Kusi halivumi milele.