Misimamo ya George Nethercutt, Mgombea Aliyemwangusha Spika

George Nethercutt, wakili wa mji wa Spokane katika jimbo la Washington, aligombea kiti cha Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1994 kwa tiketi ya chama cha Republican. Aliyekikalia kiti hicho tangu 1965 alikuwa Tom Foley wa chama cha Democratic, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa Spika. Tarehe 8 Novemba 1994 Nethercutt alishinda kwa takriban kura 4,000. Tangu 1862 hadi siku hiyo, hakukuwa na Spika aliyekuwa madarakani aliyewahi kunyang'anywa kiti chake na wapigakura wa kwao. Misimamo iliyompa wakili huyo ushindi, pamoja na yaliyoipata misimamo hiyo baada ya yeye kuapishwa, inaonyesha vizuri mhafidhina wa Marekani anasimamia nini na anaweza kutimiza kiasi gani.

Kwa siasa za Marekani, mhafidhina ni mtu anayetaka serikali kuu ya Washington, D.C. iwe na mamlaka machache. Hutaka kodi zipungue, majimbo yaachiwe mambo yao, na biashara isibanwe kwa kanuni nyingi. Jeshi hulitaka liwe na nguvu, na umiliki wa bunduki huuona kuwa haki ya mwananchi iliyolindwa na katiba. Wengi huongeza maadili ya dini na ya familia, hasa kupinga utoaji mimba. Mizizi hii haikui sawa kila mahali. Mhafidhina wa eneo la wakulima wa ngano ana mahitaji tofauti na yule wa kitongoji cha matajiri kando ya jiji kubwa, na eneobunge la Nethercutt, mashariki mwa jimbo la Washington, lilikuwa la ngano, misitu na kituo cha Jeshi la Anga cha Fairchild.

Mwaka huo wagombea wa Republican hawakusimama kila mmoja na lake. Tarehe 27 Septemba 1994, zaidi ya 300 kati yao walitia saini mbele ya jengo la Kongresi ilani iliyoitwa Mkataba na Marekani, iliyoandaliwa chini ya uongozi wa Newt Gingrich wa Georgia na Dick Armey wa Texas. Ilikuwa na miswada kumi. Mmoja ungeilazimisha serikali kusawazisha bajeti yake kwa amri ya katiba, mwingine ungebana misaada ya fedha kwa familia maskini. Kulikuwa na nafuu ya kodi ya dola 500 kwa kila mtoto, kupunguzwa kwa kodi ya faida inayopatikana mtu anapouza mali au hisa, adhabu kali zaidi kwa wahalifu, na ukomo wa miaka ambayo mbunge anaruhusiwa kukaa madarakani. Utoaji mimba na sala mashuleni havikutajwa kabisa. Waandishi wa ilani waliviacha makusudi, kwa kuwa vingewagawa wapigakura ambao mambo ya fedha na ya uadilifu wa serikali yangewaunganisha.

Jambo moja katika ilani hiyo linastahili kutazamwa kwa makini. Wagombea hawakuahidi kwamba miswada hiyo itakuwa sheria. Waliahidi kwamba wakipata wingi wa viti, kila mswada utajadiliwa na kupigiwa kura katika Baraza la Wawakilishi ndani ya siku 100 za kwanza. Ilikuwa ahadi ya kweli na ya uangalifu, maana mwakilishi wa Marekani ni mmoja kati ya 435, na hata baraza lake likikubali jambo, bado kuna Seneti, Rais mwenye kura ya turufu, na Mahakama ya Juu. Mpigakura asiyeujua mpangilio huu husikia ahadi kubwa kuliko ile iliyotolewa.

Chama cha Republican kilipata viti 54 zaidi na kulishika baraza hilo kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40. Ratiba ya siku 100 ilitimizwa, na kila mswada mkuu ulipita barazani isipokuwa ule wa ukomo wa miaka. Huko mbele ndiko safari ilikokuwa ngumu. Marekebisho ya katiba kuhusu bajeti yalipata kura 300 kwa 132 tarehe 26 Januari 1995, lakini Machi yakakwama katika Seneti kwa kupungukiwa kura moja. Kati ya maseneta wa Republican, aliyeyapinga kwa imani yake alikuwa Mark Hatfield wa Oregon peke yake. Mwishoni mwa mwaka huo Gingrich na Rais Bill Clinton walivutana kuhusu bajeti hadi ofisi nyingi za serikali zikafungwa mara mbili, mara ya pili kwa siku 21, na lawama kubwa zikawaangukia Republican.

Hata hivyo bajeti ilikuja kusawazika bila amri ya katiba. Mwaka 1998 serikali kuu ilipata ziada kwa mara ya kwanza tangu 1969. Wahafidhina walisema ni matunda ya kubana matumizi na ya makubaliano yao na Clinton ya mwaka 1997. Wademokrat walitaja kodi zilizopandishwa mwaka 1993, sheria ambayo haikupata kura hata moja ya Republican. Uchumi uliokua kwa kasi uliwasaidia wote wawili, na hakuna upande wenye haki ya kuidai ziada hiyo kuwa yake peke yake. Kufikia 2002 nakisi ilikuwa imerudi, Ikulu na Baraza la Wawakilishi vyote vikiwa mikononi mwa Republican.

Msimamo kuhusu misaada kwa maskini ndio uliogeuka kuwa sheria iliyobadili maisha ya watu wengi zaidi. Clinton alikataa matoleo mawili ya mswada huo, kisha tarehe 22 Agosti 1996 akatia saini la tatu. Sheria iliyapa majimbo fungu la fedha na uhuru wa kulipanga, ikamtaka anayepokea msaada afanye kazi, na ikaweka kikomo cha miaka mitano ya kupokea fedha za serikali kuu maishani. Iliwagusa pia wahamiaji. Mtu anayehamia Marekani kwa kadi ya ukaazi wa kudumu baada ya sheria hiyo, awe ametoka Mombasa au Mwanza, kwa kawaida hungoja miaka mitano kabla ya kustahili misaada mingi ya serikali kuu. Wakimbizi wamewekewa utaratibu tofauti. Nafuu ya kodi kwa watoto na kupunguzwa kwa kodi ya faida ya mtaji, kutoka asilimia 28 hadi 20 kwa kiwango cha juu, vilipita mwaka 1997.

Suala la bunduki halikuwa na uzito katika ilani, lakini Spokane lilikuwa moto. Juni 1994, aliyekuwa mwanajeshi wa kituo cha Fairchild aliingia katika hospitali ya kituo hicho na bunduki akaua watu wanne. Foley, aliyekuwa akipinga udhibiti wa silaha kwa miaka mingi, aliunga mkono sheria ya kupiga marufuku aina kadhaa za bunduki za kivita. Chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilimgeuka rafiki yake wa zamani na kumpigia debe Nethercutt, na mcheza filamu Charlton Heston akajitokeza katika matangazo dhidi ya Spika. Kwa mhafidhina wa vijijini Magharibi mwa Marekani, bunduki ni mali ya kawaida ya nyumbani, na sheria yoyote inayoigusa huonekana kama mkono wa Washington, D.C. unaoingia chumbani. Machi 1996 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kuifuta marufuku hiyo, lakini Seneti haikuifuata. Marufuku ilikufa yenyewe mwaka 2004, muda wake wa miaka kumi ulipokwisha.

Katika mambo ya nje, ilani ya 1994 iliandikwa chini ya kivuli cha Mogadishu. Oktoba 1993 wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa katika mapigano ya mji huo, na wagombea wa Republican wakaahidi kuzuia majeshi yao kuwekwa chini ya amri ya Umoja wa Mataifa. Kwa kweli askari waliokufa Mogadishu waliamriwa na makamanda wa Marekani wenyewe. Lakini picha za siku ile ziliwaingia wapigakura kuliko maelezo ya nani aliamuru nini, na tahadhari iliyozaliwa hapo ilichangia kuifanya Marekani kusita mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda Aprili 1994.

Nethercutt alikuwa na jambo lake la nje, nalo lilitoka mashambani. Mei 1998 India na Pakistan zilifanya majaribio ya nyuklia, na sheria ya vikwazo ikatishia kuifungia Pakistan, mnunuzi mkubwa wa ngano nyeupe ya eneo lake. Kongresi iliharakisha kuondoa chakula katika vikwazo hivyo. Kuanzia hapo Nethercutt akawa mtetezi wa hoja kwamba chakula na dawa visitumiwe kama silaha, na mwaka 2000 akapigania sheria iliyoruhusu kuiuzia Cuba chakula cha Marekani. Alipambana na viongozi wa chama chake na wabunge wenye asili ya Cuba kutoka Florida. Walikubaliana mwishoni kwamba Cuba inunue bila mkopo wa Marekani. Hapa kanuni ya kihafidhina ya soko huria ilikutana na kanuni nyingine ya kihafidhina, ya kuubana ukomunisti, na kilichoamua ni mfuko wa mkulima.

Afrika Mashariki inalijua jina lake kwa sababu nyingine. Mwaka 2004 aliingiza katika bajeti ya misaada ya nje kifungu cha kuzinyima fedha za kuinua uchumi nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague zilizokataa kuahidi kwamba hazitawakabidhi Wamarekani kwa mahakama hiyo. Wahafidhina waliamini kwamba hakuna mahakama ya kigeni inayopaswa kuwa juu ya katiba yao. Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikwisha kutia saini makubaliano ya kutoa ahadi hiyo. Kenya, iliyoridhia mkataba wa mahakama mwaka 2005, ilikataa, na Tanzania haikutia saini. Sheria nyingine ya 2002 ilikuwa tayari inazinyima nchi za namna hiyo misaada ya kijeshi. Kwa Kenya, iliyopigwa na magaidi mwaka 1998 na 2002 na ikawa ikishirikiana na Marekani kuwasaka, adhabu hiyo ilikuwa ya kumwumiza mshirika kwa sababu ya kesi ambayo haikuwapo. Maofisa wa jeshi la Marekani wenyewe walilalamika kwamba inaharibu uhusiano, na Oktoba 2006 Rais George W. Bush alizisamehe nchi 21, Kenya na Tanzania zikiwamo, kwa upande wa mafunzo ya kijeshi. Baadaye vifungu hivyo viliachwa.

Si kila alichokifanya kilifuata mstari wa serikali ndogo. Binti yake alikuwa na kisukari, na mwaka 1996 alishiriki kuanzisha kikundi cha wabunge cha kupigania fedha zaidi za serikali kwa utafiti wa ugonjwa huo. Kikundi hicho kiliwaunganisha wabunge wa vyama vyote viwili, na ni mojawapo ya kazi zake zenye heshima kubwa.

Msimamo uliomtambulisha zaidi ya yote ulikuwa ukomo wa miaka. Mwaka 1992 wapigakura wa jimbo la Washington walikubali kwa kura ya maoni kwamba mwakilishi wao asizidi miaka sita. Foley alijiunga na kesi ya kuipinga sheria hiyo mahakamani, na Nethercutt akapata hoja iliyoeleweka hata na asiyefuatilia siasa: Spika amewashtaki wapigakura wake. Yeye aliahidi mihula mitatu ya miaka miwili, kisha arudi nyumbani.

Kisheria Foley alikuwa sahihi. Mei 1995 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne, katika kesi iliyotoka Arkansas, kwamba jimbo haliwezi kuwawekea wabunge wa Kongresi masharti yasiyo katika katiba. Miezi miwili kabla, marekebisho ya katiba ya kuweka ukomo huo yalipata kura 227 dhidi ya 204 barazani, mbali na theluthi mbili zinazohitajika. Tangu hapo ukomo umebaki kuwa hiari ya mbunge mwenyewe.

Mwaka 1999, muhula wa tatu ukiwa unaendelea, Nethercutt alitangaza kwamba atagombea tena, akieleza kuwa kazi yake haijakamilika. Makundi yaliyotetea ukomo wa miaka, yaliyomsaidia dhidi ya Foley, yalimwandama kwa matangazo makali. Wapigakura walimchagua tena mwaka 2000, na tena mwaka 2002. Mwaka 2004 aliacha kiti hicho akawania Seneti, akashindwa na Patty Murray. Alifariki Juni 2024.

Eneobunge lake limebaki mikononi mwa Republican mpaka leo. Kwa hiyo wapigakura wa Spokane hawakuyumba katika kodi, bunduki wala bajeti. Kati ya misimamo yote aliyoomba nayo kura mwaka 1994, waliomsamehe kuuvunja ni ule uliomfanya ajulikane nchi nzima.