DRIPU SI CHAKULA: LINI INAOKOA, LINI INADHURU

Ndugu mkaaji wa kambi,

Kuanzia mpakani Mpondwe, hapa Bwera, hadi Kasese mjini, mara nyingi husikika mtu akisema: "Sina nguvu, natafuta dripu." Wenzetu waliotoka Kongo huiita serumu. Wauzaji wenye mikoba husema dripu ya njano ina vitamini zote, inaongeza damu, na inampa mtu nguvu za kulima au kucheza mpira. Kabla hujauza unga na maharage ya mgao ili uilipe, soma karatasi hii. Msomee pia jirani asiyejua kusoma.

DRIPU NI NINI?

Ni maji safi yenye chumvi au sukari, yanayopitishwa katika mshipa wa damu. Lita 1 ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi tu. Lita 1 ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, kama vijiko 10 vya chai. Nguvu yake haizidi kalori 200, na mtu mzima anahitaji kalori zipatazo 2,100 kwa siku. Kwa hiyo chupa nzima haifikii hata sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku moja.

Na ile rangi ya njano? Ni vitamini za kundi B. Mwili huchukua kidogo unachohitaji, na zilizobaki hutoka na mkojo. Ndiyo maana baada ya dripu hiyo mkojo huwa wa njano sana. Fedha yako imekwenda chooni.

"MBONA NILIPATA NAFUU?"

Huenda mwili ulikuwa na upungufu wa maji; ungeweza kuyanywa. Tena ulilala saa kadhaa bila kazi. Kupumzika nako ni dawa.

HATARI ZAKE

- Sindano iliyotumiwa kwa mwingine huleta UKIMWI na homa ya ini.
- Mikono michafu huingiza vijidudu moja kwa moja katika damu, au huleta jipu.
- Maji yakiingia kwa wingi na haraka hujaa mapafuni. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana moyo dhaifu, na dripu isiyo ya lazima inaweza kumwua.

Hata hospitalini huhitaji uangalifu. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali. Waliopewa maji mengi ya mshipani kwa haraka walikufa zaidi kuliko wasiopewa: takriban 11 kati ya 100, dhidi ya 7 kati ya 100.

Nanyi vijana wa mpira: sheria za kimataifa za michezo zinakataza dripu ya zaidi ya mililita 100 katika saa 12, isipokuwa kwa matibabu halali ya hospitali.

NANI ANAHITAJI DRIPU?

Mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka kabisa, aliyezimia, anayetapika kila anachokunywa, au aliyepoteza damu nyingi. Huyo apelekwe upesi kituo cha afya au hospitali ya Bwera. Hapo usikatae dripu, inaokoa maisha.

WAKIMBIZI WALIOTUFUNDISHA

Mwaka 1971 wakimbizi wa Bangladesh walipigwa na kipindupindu huko Bangaon, India. Dripu zilikuwa zinakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji ya kunywa, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha wenyewe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kati ya wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Kikombe mkononi mwa mama kilifanya kazi ambayo chupa zisingetosha kuifanya.

FANYA HIVI

1. Mtu akiharisha, mpe ORS: pakiti 1 katika lita 1 ya maji safi. Ikikosekana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari. Mpe kidogo kidogo, na mtoto aendelee kunyonya.

2. Mtoto anayeharisha apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama mhudumu atakavyoelekeza.

3. Ukikosa nguvu siku nyingi, nenda upimwe malaria, damu na minyoo. Ugonjwa unaofichwa na dripu unaendelea kukua.

4. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apimwe mkono kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Pakiti moja ya chakula cha karanga cha tiba ina kalori 500, kupita chupa mbili za glukosi.

5. Damu hujengwa jikoni: maharage, ndagala, sombe, dodo (lengalenga), pamoja na embe au chungwa.

Basi, mgao wako usiuuze. Ukiwa na shaka, muulize mhudumu wa afya wa kambi kabla ya kunyoosha mkono kwa mwenye mkoba.